Malta wakati wa baridi: chukua chumba kinachotazama kusini

Ukienda Malta kati ya Desemba na Februari, kabla hujalipia chumba muulize mwenyeji dirisha linatazama wapi, chukua la kusini. Nje mchana inafika kama digrii 15 au 16, poa tu, shida iko ndani, nyumba nyingi za zamani ni za mawe ya chokaa na sakafu ya vigae, zinatunza ubaridi hatari, mpaka mashuka yanashika unyevu. Msimu huo jua linapita chini upande wa kusini ndo maana linaingia mpaka kitandani. Ila Valletta, mji mkuu wa Malta, vichochoro ni vyembamba, ghorofa za chini jengo la mbele linaziba, omba ya juu. Siku ya mvua dirisha halisaidii kitu, so uliza pia kama kiyoyozi kinatoa joto.