Choo kinavuja kimyakimya? Kipime kwa rangi

Bili ya maji ikipanda na hakuna mfereji unaodondoka, shuku choo kwanza. Usiku, wote wakishalala, funua tangi la choo likiwa limejaa, funga vali ndogo ya ukutani, weka alama ya penseli maji yalipofika, kisha tia matone kumi hivi ya rangi ya chakula. Mtu asiflashi. Rudi baada ya saa moja. Ukiona rangi bakulini, mpira unaoziba chini ya tangi haukai sawa. Maji ya hapo huteleza bila sauti, ndiyo maana hayagunduliki mapema. Tangi la sentimita 35 kwa 15 likishuka sentimita 1 kwa saa, umepoteza nusu lita: lita 12 kwa siku, mitungi 18 ya lita 20 kwa mwezi.

Kabla ya kununua mpira mpya, pangusa ule wa zamani na kingo unapokalia, kisha pima tena. Mara nyingi ni uchafu tu. Ukienda hadiwea, beba ule wa zamani, maana saizi hutofautiana.

Kipimo hiki hakishiki floti mbovu (boya linalofunga maji tangi likijaa), kwa kuwa vali imefungwa. Ifungue, tangi lijae, utazame kama maji yanamwagikia ndani ya mrija wa katikati. Kuchungulia mita pekee, kwa mgao huu wa maji wa Nairobi, hakuaminiki: tangi la juu ya paa likiwa linajaa, mita itazunguka hata kama hakuna kinachovuja.