Mtungi wa udongo: kuuchagua, kuuanza na kuuweka maji yapoe

Siku hizi hapa Lamu ukisema tu "nataka mtungi" utaulizwa mtungi gani. Wa gesi ni mtungi, uwe wa kilo 6 au 13, jerikeni la lita 20 lile linalobebwa na punda nalo watu wanaliita mtungi, wazamiaji wana mitungi yao ya hewa mgongoni, na ukimwambia kijana wa bara kwamba jana mlikaa barazani na mtungi ataelewa mlikuwa mwalewa, mtihani huo. Kwa hivyo ukimtuma mtu sema mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, uutaje wote hivyo hivyo, la sivyo utaletewa wa kupandia maua una tundu chini.

Huo wa maji ndio nataka kuuzungumzia, maana naona watu wananunua vizuri tu, wanauweka sebuleni kama pambo, baadaye wanalalamika ati mai hayapoi na wanarudi kwa friji, na stima ikikatika ndio wanaanza kuhangaika.

Jambo la kujua kwanza ni vile unavyopoza. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana, maji yanapenya pole pole mpaka nje, upepo unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani, ni jasho la mwili tu hilo. Mtungi usiotoka jasho haupozi, ndio imeisha hiyo. Kwa hivyo ule uliopakwa vanishi au rangi ya mafuta ukapendeza mwachie mwenyewe, na yale mabalasi, mitungi mikubwa ya kung'aa ya zamani, ni mazuri kuweka akiba ya maji, lakini baridi usiyadai.

Ukienda kununua uinamie, uugonge kwa kifundo cha kidole pande zote. Mzima unalia. Ukisikia mahali sauti imekufa pana ufa hapo, hata kama macho hayauoni. Halafu uelekeze mdomo juani uchungulie ndani. Mdomo uwe mwembamba, kata ya kuchotea ipite lakini isiwe rahisi watoto kuchovya mikono, hili ni muhimu kuliko urembo wa nakshi. Na ukiubeba shika chini, usiuinue kwa shingo ukiwa umejaa, shingo ndiyo inayokatika.

Nyumbani usiuoshe kwa sabuni!! Nasema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: SABUNI HAPANA. Udongo unainyonya na kila ukinywa utakuwa wanywa povu. Maji matupu na brashi ngumu, au kumbi la nazi, yatosha kabisa. Ujaze pomoni, uache siku nzima, umwage, ujaze tena, mpaka ile ladha ya udongo mbichi ipungue (wengine tunaipenda ikibaki kidogo). Kulowa mwili mzima ni kawaida, weka sahani chini. Ila ukiona unadondoka mahali pamoja tu, tone kwa tone, huo unavuja, rudisha.

Ukitaka harufu ya kikwetu, ukauke kwanza, weka kaa la moto na ubani kidogo kwenye chetezo, uufunike mtungi juu yake kichwa chini dakika chache moshi uingie, halafu ndio ujaze. Ubani ukizidi maji yanakuwa machungu, kwa hivyo punje chache tu.

Sasa pahali pa kuuweka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Unataka kivuli NA upepo, vyote viwili. Kwenye nyumba zetu za mawe daka (kibaraza cha mlangoni) ni pazuri, au pembe ya kiwanda, yaani ua wa ndani, isiyopigwa na jua, juu ya kigoda cha mbao ili hewa ipite mpaka chini, na usiubandike ukutani. Kaskazi ikivuma utaona tofauti kubwa. Masika hewa imeshajaa maji, jasho halikauki, basi utapoza kidogo sana na hakuna dawa. Na tusidanganyane, hapa pwani kwa unyevu wetu huu usitarajie baridi ya friji, ni digrii chache tu, lakini ni baridi isiyouma meno na kooni yanateremka vizuri.

Mtungi hausafishi maji. Hata yawe yametoka visima vya mchanga wa Shela na ni matamu, yachemshe mpaka yatokote dakika moja nzima, yapoe ndio uyatie. Ukitumia dawa ya klorini, tia kwenye ndoo ya plastiki, ngoja nusu saa, kisha uhamishe mtungini, kwa sababu udongo unaimaliza nguvu dawa ukiitia humo humo. Kata iwe na mpini mrefu na itundikwe msumarini, isiachwe ikielea ndani wala kulazwa chini. Kifuniko kikae muda wote, cha mbao au kawa la ukindu, kwani mbu hawahitaji mwaliko.

Kila wiki mwaga yaliyobaki, sugua, uanike jua likaushe ndani. Kadiri siku zinavyokwenda utaona ukoga mweupe nje, hiyo ni chumvi ya maji yetu inayobaki jasho likikauka. Isugue kwa brashi kavu, kisha uloweke mtungi mzima kwenye beseni la maji safi usiku kucha, na usijaribu kupaka kitu chochote juu ili "ung'ae". Vitundu vikishaziba kabisa, asubuhi unaupapasa na ni mkavu kama ulivyouacha jana, huo toboa chini uupandie asumini, ununue mwingine.