Jinsi ya kuona hatua za mitosisi kwenye mzizi wa kitunguu

Karibu kila anayeniomba msaada kwenye zoezi hili la kuona mitosisi, yaani seli moja ikigawanyika kuwa mbili zinazofanana, huwa na shida ileile: anaona rundo la seli zilizolaliana, kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) hazionekani. Lawama huangukia hadubini, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye asidi.

Hatua ya 1: Otesha mizizi. Kitako cha kitunguu kiguse maji. Mizizi ikifika sentimita 1 au 2, kata.

Hatua ya 2: Lainisha kwa asidi. Seli za mmea zimeshikamana kwa pektini, yaani gundi iliyo kati ya kuta zake. Usipoivunja hazitaachana hata ukandamize vipi. Tumia asidi hidrokloriki ya mola 1 kwa lita, nyuzijoto 60 za Selsiasi, kwa dakika 5, ukiwa umevaa miwani ya kinga.

Asidi ifike nyuzi 60 kabla mizizi haijaingia. Ukitumbukiza mizizi kwenye asidi baridi halafu ukasubiri ipate moto, zile dakika 5 hazina maana tena. Pima joto ndani ya asidi yenyewe, si kwenye maji ya moto yanayoizunguka, maana asidi huchelewa kupata joto. Wala usiongeze muda ukidhani utasaidia: mzizi uliozidisha humeguka ukiugusa tu, na kromosomu zake hazishiki rangi vizuri. Unaoutaka ni mzizi teketeke lakini mzima. Usuuze kwa maji baridi dakika 5 na uukaushe polepole kwa karatasi ya kufyonza, kwani asidi iliyobaki huharibu rangi.

Hatua ya 3: Kata ncha. Bakiza milimita 2 za mwisho, kwingine tupa. Mgawanyiko uko hapo. Juu zaidi seli zinarefuka tu.

Hatua ya 4: Tia rangi. Tone la toluidini bluu, dakika 2. Aseto-orsini nayo inafaa, ila mvuke wake unawasha macho, na sioni sababu ya kuuvumilia.

Hatua ya 5: Kandamiza. Weka kifuniko cha slaidi, karatasi ya kufyonza juu yake, kisha bonyeza wima kwa dole gumba. Usisokote kamwe.

Hatua ya 6: Soma slaidi. Anza na lenzi ndogo, tafuta seli za mraba zenye viini vikubwa, kisha panda hadi ukuzaji wa mara 400. Nyingi zitakuwa na kiini cha duara kilichotulia. Hizo ziko interfezi, zikikua na kunakili DNA, kwa hiyo usidhani umeshindwa. Kromosomu zikiwa nyuzi nene zilizotapakaa, ni profezi. Zikijipanga katikati, metafezi. Makundi mawili yanayoachana, kila moja likiwa na kromosomu 16, ni anafezi. Viini viwili vyenye ukuta mpya kati yao, telofezi.

Asidi imeshaua seli hizi, hivyo hutaona hata moja ikisonga. Hesabu angalau 100 kutoka sehemu mbalimbali za slaidi: hatua yenye seli nyingi ndiyo inayochukua muda mrefu.