Kabla hujalipia chai au vidonge vya kukata kitambi, pitia hapa kwanza

Kama upo Dodoma na una WhatsApp basi hizo picha zimeshakufikia, kushoto mdada ana tumbo, kulia hana, chini kuna lipa namba na maneno "mzigo upo, Dom mjini tunaleta bure, Mtumba na Ihumwa unaongeza ya boda". Mzigo unapandishwa basi Dar asubuhi, jioni upo stendi ya Nanenane, kesho yake upo kwenye meza ya mtu ofisini. Sisemi kila anayeuza ni tapeli, wengi wenyewe wameuziwa pakeji na aliye juu yao na wanaamini kabisa wanachouza. Ila hela ni yako na ini ni lako.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome ukisubiri nibadilike huko chini: nyingi ya hizi bidhaa hazigusi mafuta ya mwili, chache zinagusa kidogo sana, na ile inayokushusha kilo tano ndani ya wiki mbili ndo ya kuiogopa kuliko zote. Ambayo haifanyi kazi imekula hela tu. Inayofanya kazi haraka hivyo, swali ni wameweka nini humo ndani.

Anza na muuzaji

Kabla ya kuuliza bei mwandikie hivi: "Habari dada, naomba picha ya nyuma ya boksi, pale penye viambato na jina la kiwanda." Basi. Alafu angalia anachojibu. Wengi watakujibu "mpenzi hii ni asili tupu, haina kemikali wala madhara". Mshukuru, rudia ombi lako. Atakutumia skrinishoti za ushuhuda, rudia tena. Akikasirika au akikwambia "wenzako wananunua bila maswali" hapo umeshapata jibu na hujatumia hata mia.

Kuna ambao watakutumia cheti ili unyamaze, na hapa wengi ndo wanapopigwa. Cheti cha BRELA kinaonyesha tu kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa, mtu anaweza kusajili jina akauza hata mchanga. TIN ni mambo ya kodi. Kinachotakiwa ni usajili wa bidhaa yenyewe, sasa hapo inategemea ni kitu gani: dawa ni TMDA, chakula na virutubisho vya chakula ni TBS, dawa za asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukiona boksi limeandikwa limetengenezwa 2024 alafu muuzaji anasema "imepitishwa na TFDA", jiulize imepitishwaje na taasisi ambayo tangu 2019 ndo hiyo TMDA ya sasa na mambo ya chakula yakahamia TBS. Na ile "FDA approved" ya Marekani isikutishe pia, Marekani virutubisho haviidhinishwi na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kabla ya kuingia sokoni, sheria yao ya 1994 iko hivyo, kwa hiyo anayeandika hivyo kwenye kopo la virutubisho anakudanganya mchana kweupe.

Namba ya usajili ukipewa usiishie kuiangalia tu, ihakiki. Wa Dodoma hatuna kisingizio, makao makuu ya TMDA yapo mji huu huu, na tovuti yao inafunguka kwenye simu ya kawaida.

Sasa soma boksi

Chai nitazikalia zaidi kwa sababu ndo zinauzwa kuliko vyote. Geuza pakiti utafute maandishi madogo: Senna, Folium Sennae, Cassia angustifolia. Hiyo yote ni sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu wanaijua kama dawa ya kuendesha tumbo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula chako kinakuwa kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba huko juu, yaani nguvu ya ile chipsi mayai imeshaingia mwilini, unachokimbilia nacho chooni ni maji na mabaki. Ukipanda mzani asubuhi umeshuka kilo moja na nusu, unafurahi, unampigia muuzaji unampa ushuhuda, kumbe umekauka. Ukinywa maji na kula kawaida siku mbili tatu uzito umerudi. Ndo mana wanakwambia usiache, "ukiacha mwili unarudi", hapo wanasema kweli ila sababu ndo wanaificha. Na kuendesha kila siku kunatoa madini kama potasiamu ambayo moyo unayahitaji, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango ajue kuhara sana kunaweza kufanya kidonge kisifanye kazi, mimba za hivi zipo.

Garcinia cambogia, vidonge maarufu sana hivi. Mwaka 1998 Marekani waliwapima watu 135 kwa wiki 12, kundi moja likapewa garcinia yenyewe, jingine likapewa vidonge vitupu bila wenyewe kujua. Hawakutofautiana cha maana. Miaka mingapi imepita na bado inauzwa.

Kahawa ya kijani ina kisa kizuri zaidi. Ilivuma dunia nzima kwa utafiti mmoja uliofanyika India kwa watu 16, kumi na sita tu, yaani hata hiace moja haijai vizuri. Mwaka 2014 kampuni iliyoudhamini ilikubali kulipa dola milioni 3.5 baada ya kubanwa na FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, na walioandika utafiti wakaufuta wenyewe mwaka huo huo. Huku kwetu kahawa ya kupunguza mwili bado ipo statasi kila asubuhi.

Siki ya tufaa: utafiti wa Lebanon uliotoka 2024 ulisema watu wamepungua vizuri sana, jarida lililouchapisha likauondoa 2025 maana hesabu zake hazikuaminika. Ukiipenda tia kwenye kachumbari. Kuinywa kavu kavu asubuhi inakula meno na kuunguza koo.

Chai ya kijani ya kunywa kawaida haina shida, shida ni vidonge vilivyokolezwa dondoo yake, Ulaya mwaka 2018 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilisema kuanzia miligramu 800 kwa siku za ile kemikali yake kuu, EGCG, kuna dalili za kuumiza ini. Kwenye kopo wanaandika EGCG, tafuta hiyo namba. Vidonge vya nyuzinyuzi vinaweza kukushibisha kidogo, sawa, ila maharage na kunde za soko la Majengo zinazo pia tena unapata na mboga.

Ile inayofanya kazi kweli

Kuna dawa inaitwa sibutramini. Ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo. Haikupotea lakini. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai za "asili", kwenye boksi haijaandikwa popote. Wakati mwingine imechanganywa na fenoftalini, dawa ya zamani ya kuharisha iliyoachwa kwa hofu ya saratani.

Kwa hiyo ukinywa kahawa ya kupunguza mwili alafu ukawa hutaki chakula kabisa, mdomo umekauka, usingizi hauji, moyo unakwenda mbio umekaa tu kwenye kiti, usiseme "dawa inafanya kazi". Simamisha. Presha ikapimwe siku hiyo hiyo. Mwenye presha, kisukari, moyo, mjamzito na anayenyonyesha, mimi naona hata hiyo hatua ya kuuliza bei asifike.

Dawa za kweli zipo, tuseme ukweli

Orlistati ipo famasi, inazuia kama asilimia 30 ya mafuta ya kwenye chakula yasinyonywe. Kwa mwaka mzima wanaoitumia na kubadili msosi hushuka wastani wa kilo kama tatu zaidi ya wasioitumia. Tatu. Kwa mwaka. Na mafuta yasiyonyonywa lazima yatoke mahali, ukila kuku wa kukaanga mchana usipande daladala la Sabasaba jioni ukiwa na suruali nyeupe, nimemaliza.

Sindano ndo habari ya mjini, semaglutaidi, wengi wanaijua kwa jina la Ozempic ambayo ni ya kisukari, ya uzito inaitwa Wegovy. Hizi zinashusha kweli: utafiti wa 2021, wiki 68, wastani wa asilimia kama 15 ya uzito huku wa sindano tupu wakishuka asilimia 2 na kidogo. Lakini walioacha, ndani ya mwaka walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza, kwa hiyo hesabu ya gharama yake ni ya miaka. Alafu ni dawa ya kuandikiwa na daktari, inatakiwa ikae kwenye friji kabla hujaifungua, na WHO ilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu za feki. Sasa wewe unanunua ya inboksi, imekuja kwenye buti la basi na jua la Gairo, unajichoma mwenyewe chumbani Nkuhungu. Hapana bana.

Piga hesabu yako

Chukua pakeji ya 90,000 kwa mwezi, watakwambia dozi kamili ni miezi mitatu, hiyo ni 270,000. Kabla ya kuitoa andika kwa wiki moja kila unachokunywa, kula sijasema, kunywa tu. Soda ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, kalori kama 200. Chai tatu za ofisini zenye vijiko vitatu kila kikombe hizo nyingine 140 na ushee. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula ni kama 120, na zile chapati mbili za saa nne pale Mtumba unajua mwenyewe zinavyong'aa. Hapo bado hujagusa chakula cha mchana na umeshaona pa kupunguza bila kumlipa mtu, tena hela inabaki.

Na wanaosema hamia ugali wa uwele utapungua, uwele una nyuzinyuzi kuliko sembe ni kweli, ila tonge ni tonge. Na mlenda unavyoteleza unajikuta umemaliza sufuria.

Sehemu ya ile 270,000 ingekutosha kumwona daktari na afisa lishe, hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa, ukapimwa sukari, presha na ukiambiwa kuna haja hata tezi la shingo. Kuna unene unaoletwa na dawa, mfano steroidi, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito. Huo chai haiutoi hata unywe ndoo.

Ukiamua kujaribu pamoja na yote haya

Sikuzuii, ni mtu mzima. Ila pima vizuri ili usidanganyike: mzani ule ule, asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai, na uzito wa siku moja usiutilie maanani maana maji peke yake yanapandisha na kushusha kilo moja hadi mbili. Linganisha wiki kwa wiki. Nunua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa vipimo vya WHO mwanamke akifika sentimita 80 hatari inaanza, 88 imekuwa kubwa, mwanaume ni 94 na 102. Kama mzani unashuka na futi kamba haisogei, ujue unalipia maji. Usianze chai, mazoezi na kuacha soda siku moja alafu sifa zote ukaipa chai.

Dawa zako za kawaida usiziache kwa sababu muuzaji kasema hii inatibu na kisukari. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, kifua kikibana, ukizimia, hospitali moja kwa moja na boksi mkononi, usione aibu kusema ulikuwa unatumia nini, daktari akikosa hiyo habari anakutibu kwa kubahatisha. Mwombe yeye au mfamasia atume taarifa ya madhara TMDA. Boksi usilitupe hata likiwa tupu, ile namba ya toleo pembeni ndo wanayoitumia kufuatilia mzigo wenzake umeishia maduka gani.