Tarehe za biashara: chagua muundo mmoja, madeni yasichanganyike

Tuanze na 03/04/2025. Kwa muuza jumla wa Kariakoo hiyo ni Aprili 3, wala haulizi mara mbili. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaisoma Machi 4. Sasa mteja kachukua mali kauli ya siku 30. Kwako deni linaiva Mei 3; kwa kompyuta limeiva Aprili 3, siku ileile aliyobeba mzigo. Atapigiwa simu ya kudaiwa kabla hajaupanga dukani.

Hatua ya 1: Amua. Kwenye kompyuta tumia mwaka-mwezi-siku: 2025-04-03. Huu ndio muundo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotoka mwaka 1988. Wachina nao huanza na mwaka, kwa hiyo anayeagiza mzigo Guangzhou hatahangaika na ankara zao. Mafaili nayo hujipanga yenyewe kwa mfuatano ukianza jina na tarehe: 2025-04-03-mauzo. Mkwaju (/) usiutumie, Windows haiukubali kwenye jina la faili.

Kwenye karatasi ya mteja andika 3 Aprili 2025, mwezi kwa herufi. Hapo hakuna wa kubisha.

Hatua ya 2: Rekebisha kompyuta kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya Region, toa Marekani, weka Tanzania au Uingereza. Kisha fungua Excel, chagua safu nzima ya tarehe, ingia Format Cells, halafu Custom, uandike yyyy-mm-dd.

Hatua ya 3: Kagua za zamani. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo penye kazi. Kubadili muundo hubadili sura tu. Tarehe iliyosomwa vibaya inabaki vibaya, ila sasa imependeza. Tazama safu yenyewe: kama hakuna aliyegusa mpangilio wake, tarehe halisi hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto. Ukikuta 13/04/2025 imeegemea kushoto, kompyuta ilitafuta mwezi wa 13 ikaukosa, ikaiacha kama maandishi. Maana yake zile za siku ya 1 hadi ya 12 zilizokaa kulia huenda zimegeuzwa kimyakimya. Za kushoto utazinyoosha kwa Text to Columns, ukichagua DMY, yaani siku-mwezi-mwaka. Za kulia hazina njia ya mkato: toa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, linganisha moja moja. Anza na zenye madeni na zile za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, maana ritani ya mwezi inatakiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mauzo yaliyohamia mwezi mwingine yatakutia kwenye maelezo marefu.

Hatua ya 4: Saa. Ukiandika na muda, saa mbili asubuhi iwe 08:00.

Hatua ya 5: Anza tarehe moja ya mwezi. Madaftari ya karatasi ya nyuma yaache yalivyo. Bandika mfano mmoja pale kaunta, na kijana wa stoo naye aufuate, hata kwenye vikaratasi vyake vya kutolea mzigo.