Jinsi ya kumeza mseto ili uingie kwenye damu, sio upite tu tumboni

Kuna mwaka nilishikwa na malaria, nikaenda duka la dawa nikapewa mseto, dada akaandika 4x2 kwenye boksi akanirudishia chenji, tukaachana. Mdomo mchungu, chakula sikitaki hata kukiona, kwahiyo siku zote 3 nikawa nashushia vidonge na chai ya rangi kavu. Wiki ya tatu homa ikarudi. Siwezi kuapa kwamba kosa ni chai ya rangi, inawezekana mbu mwingine kanipitia, ila nilivyokuja kuelewa hii dawa inaingiaje mwilini nilijiona mjinga kweli.

Mseto (ALu) ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, artemetha miligramu 20 na lumefantrini 120. Artemetha inashusha vimelea haraka alafu inaisha mwilini ndani ya masaa machache. Lumefantrini ndo inayobaki siku kadhaa kumalizia waliosalia, na hiyo ndo yenye maringo: haitaki maji, inataka mafuta. Watu wazima wasio wagonjwa walivyopimwa, waliomeza baada ya mlo wa mafuta mengi walipata lumefantrini kama mara 16 ya waliomeza tumbo tupu, na artemetha mara 2 hadi 3. Kidonge ni kile kile, bei ile ile!

Sasa huko ndani kinachotokea ni hivi. Ukila mafuta, kibofu cha nyongo kinajikamua, nyongo inayavunja mafuta kuwa vitone vidogo sana na dawa inajificha humo, ndo inapata njia ya kufika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Bila mafuta inabaki kama unga kwenye maji, mwisho wake chooni. Ikishaingia kwenye seli za utumbo inakutana na vimeng'enya, kuna kimoja kinaitwa CYP3A4 ambacho kazi yake ni kukatakata dawa kabla haijafika popote, watu wanadhani kazi hiyo ni ya ini peke yake kumbe utumbo nao ni geti. Dawa nyingi zikivuka hapo zinabebwa na damu moja kwa moja mpaka kwenye ini, zinakatwa tena.

Ila dawa zinazopenda mafuta sana zina njia ya uani. Seli za utumbo zinayafunga mafuta ya chakula kwenye vifurushi viitwavyo kailomikroni, na dawa inapanda humo humo. Vifurushi ni vikubwa, havipenyi kwenye vimishipa vya damu, kwahiyo vinaingia kwenye mishipa ya limfu (inabeba majimaji ya mwili, sio damu), vinapanda kifuani na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na bega la kushoto, ini limerukwa raundi ya kwanza. Halofantrini, dawa ya malaria ya zamani iliyopoteza soko kwa sababu ya kusumbua moyo, ilipimwa kwa mbwa: walioshiba zaidi ya nusu ya dozi ilipita kwenye limfu, wenye njaa kama asilimia 1 tu. Paracetamol haina habari na mambo hayo, yenyewe inayeyuka na kwenda zake.

Kwahiyo fanya hivi. Kula kwanza, au meza huku unakula. Wala sio lazima chipsi mayai, mafuta kidogo tu yanabadilisha mambo: kikombe cha chai ya maziwa na andazi, uji uliotiwa karanga, mtindi, nusu parachichi, wali wa nazi. Kama huwezi kabisa kula usiache dozi, meza hivyo hivyo na maziwa kidogo, alafu hamu ikirudi tu kula vizuri, maana dozi zinazofuata bado zinahitaji hayo mafuta. Mtoto anayenyonya mnyonyeshe mara baada ya kumpa, maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha.

Muda nao watu wanakosea sana hapa, "kutwa mara 2" inawachanganya. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu ni masaa 24 baada ya hiyo ya kwanza, zinazofuata ni kila masaa 12. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri (weka alamu, na chupa ya maziwa iwe karibu na kitanda), ya tatu saa 2 usiku, kisha asubuhi na usiku hivyo hivyo mpaka zitimie 6. Mtu wa kilo 35 kwenda juu ni vidonge 4 kila dozi, jumla 24, na usibakize hata kimoja eti umepata nafuu.

Balungi weka pembeni siku hizo, na danzi pia. Yana kitu kinachoua kile kimeng'enya cha utumboni, na utumbo unahitaji siku moja au zaidi kutengeneza kingine, kwahiyo kuachanisha tu masaa mawili hakusaidii, dawa inaweza kuingia kupita kiasi. Chungwa la kawaida halina neno. Upande wa pili kuna dawa zinazoamsha vimeng'enya mpaka sehemu kubwa ya mseto inakatwa: rifampisini ya TB, na za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Kama unatumia mojawapo mwambie daktari kabla hujapewa chochote, usijiongeze. Na usichukue hii habari ya mafuta ukaipeleka kwa kila dawa, hiyo hiyo rifampisini yenyewe inataka tumbo tupu.

Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi nzima, na kwa sababu hiyo itakula vidonge vya dozi nyingine rudi kituoni ukaongezewe. Ukitapika tena hata hiyo ya kurudia, usijaribu ya tatu nyumbani, nenda hospitali wakuangalie, hasa kama ni mtoto.