Somo: Kuanzisha kikundi cha maumbo ya protini chuoni bila mashine

Wakuu, kila mwaka wanafunzi hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, tutasomaje maumbo ya protini na chuo hakina mashine ya eksirei ya kuyaonyesha?" Mashine huja mwisho. Afrika nzima haina sinkrotroni (mtambo mkubwa wa eksirei kali) hata moja, na bado wapo Waafrika wanaotatua maumbo. Kinachopungua zaidi ni watu waliozoea kuyatazama, na somo hili ni la kuwapata watu hao.

Hatua ya 1: Watu kwanza. Sita wanatosha, ila wasitoke darasa moja. Mwaka wa kwanza tulibandika tangazo lenye sharti la GPA ya juu, wakaja vijana wa kiume watupu, wote wa baiokemia. Mwaka uliofuata tukafuta sharti, tukaomba kila mtu aandike aya moja kuhusu ugonjwa anaoufahamu nyumbani kwao. Wasichana wakawa nusu. Akaja na binti wa famasia ambaye hajui kuandika programu, lakini akiona dawa imekaa ndani ya protini anakwambia papo hapo kwa nini haitoki.

Hatua ya 2: Tazameni umbo moja mpaka liwachoshe. PDB, hazina ya maumbo ya protini mtandaoni, ilianza mwaka 1971 na maumbo 7. Leo yamepita 200,000, na yote ni bure. Ingieni rcsb.org, andikeni 1J3J, kisha fungueni sehemu ya kuona umbo la pande tatu. Hiki ni kimeng'enya cha kimelea cha malaria kilichobadilika, kikiwa kimeshikana na dawa, pirimethamini, yaani ile P ya SP. Tanzania iliifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001; kufikia mwisho wa 2006 dawa mseto ilikuwa imechukua nafasi yake, na SP ikabaki kinga ya wajawazito.

Sasa bonyezeni namba 108 kwenye mstari wa herufi juu. Kila herufi ni asidi amino moja, kipande kinachojenga protini. Mtaona N, asparajini. Kabla ya mabadiliko palikuwa na serini (S), ambayo ni fupi. Asparajini ni ndefu zaidi, na inaigonga pirimethamini upande wenye klorini. Dawa yenyewe ni ngumu kama ubao, haina pa kujikunja. Halafu fungueni 1J3K: kimeng'enya kimebadilika sehemu nne, ila dawa ni nyingine, WR99210, yenye mkia unaojipinda na kukwepa ule mgongano. Kaeni hapo wiki nzima. Kila mmoja aeleze kwa Kiswahili anachokiona, maana asiyeweza kukieleza kwa mama yake bado hajakiona.

Hatua ya 3: Bashirini. ColabFold ni njia ya kuendesha AlphaFold, programu inayobashiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa herufi zake. Inafanya kazi kwenye kompyuta za Google, hamhitaji yenu yenye nguvu. Wekeni mfuatano wenye S pale 108, kisha wenye N. Mtapata maumbo mawili yanayofanana kama pacha, ilhali kimoja kinaishinda dawa. Hapo ndipo kikundi huanza kubishana, nami huwaacha wabishane.

Hatua ya 4: Maabara. E. koli (bakteria wa kutengeneza protini), nguzo ya nikeli (ya kuisafisha), na jenereta yenye mafuta. Kabla ya jenereta tulipoteza protini ya miezi miwili kwa usiku mmoja wa kukatika umeme.

Hatua ya 5: Mlango wa nje. BioStruct-Africa huendesha mafunzo kwa watafiti wa bara hili. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo chenye jina la Aaron Klug, aliyekulia Durban na kupata Nobeli ya kemia mwaka 1982. Kristali za protini yenu nazo husafirishwa hadi sinkrotroni za nje katika baridi kali ya nitrojeni kimiminika, nanyi mkaendesha vipimo kutoka mezani kwenu.

MASWALI

Morogoro: Nina simu tu. Itafunguka?
Jibu: Hatua ya 2 inafunguka. Ya 3 azima laptop, maana simu ikizima kioo kazi inaweza kukatika.

Kisumu: Waundaji wa AlphaFold wameshapata Nobeli 2024. Kristali za nini tena?
Jibu: Rudi hatua ya 3. Tena programu hiyo ilijifunza kutoka kwenye maumbo ya PDB, ambayo watu waliyatolea jasho.

Mwanza: Nimekubaliwa mafunzo ya siku kumi nje ya nchi, lakini nanyonyesha. Niache?
Jibu: Dada, usiache kabla hujauliza. Waandikie leo kwamba utakuja na mtoto na mlezi, waulize watasaidia nini. Nanyi mnaoandaa mafunzo, swali hilo liwe kwenye fomu, mtu asilazimike kujieleza.

Mwanza: Wamejibu. Malazi ya mama yangu watatoa, nauli yake nijitafutie.
Jibu: Hongera. Niandikie pembeni nauli ni kiasi gani. Kikundi kina akiba ya jenereta, tutazungumza.